Michezo Tunayo, Ila Tumeiacha Barazani

Ukimuuliza mzazi wa Mombasa ni kitu gani kinachozuia watoto kufundishwa kwa michezo, kama mtaala wa umilisi wa Kenya unavyotaka, mara nyingi atakujibu kwamba shule hazina vifaa. Nimesikia jibu hilo kwa jamaa zangu wa Kibokoni na kwa walimu ninaowaheshimu. Hivi karibuni nilitoka Hamburg, ninakosomea ualimu, nikaenda Ufini na wanafunzi wenzangu kwa safari fupi ya masomo kuhusu ufundishaji kwa michezo, na nimerudi nikiwa na hakika kwamba tatizo letu kubwa si vifaa. Tunachokosa ni muda, na mtu mzima wa kukaa na watoto pale mchezo unapokwisha.

Ufini mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba, na tangu mwaka 2015 sheria imetaka atangulie kupata mwaka mmoja wa elimu ya awali, ambao sehemu yake kubwa ni kucheza. Mtaala wao ulioanza kutumika mwaka 2016 unautaja mchezo waziwazi kuwa njia ya kujifunza, katika ngazi zote za elimu ya msingi. Baina ya vipindi watoto hutolewa nje wakacheze hata theluji ikiwa imetanda, na hakuna mwalimu anayeona kwamba wakati huo umepotea bure.

Katika darasa moja mjini Tampere nilikuta watoto wa miaka tisa hivi wakicheza mchezo wa soko. Ubao wake ulikuwa kipande cha kadibodi kilichochorwa kwa kalamu za rangi, pesa zilikuwa vikaratasi, na kifaa pekee kilichonunuliwa dukani kilikuwa dadu. Mchezo ulipokwisha mwalimu hakumtangaza mshindi. Alimgeukia mvulana aliyefilisika mapema akamwomba awaeleze wenzake kwa nini alitumia pesa zote kununua samaki kabla ya kujua bei ya mzunguko wa pili, kisha akawauliza wengine wangefanya nini lau wangekuwa mahali pake. Hapo ndipo hesabu ilipofundishwa. Mazungumzo yale yalichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, na yule mvulana alisikilizwa kwa makini kuliko aliyeshinda.

Katika mji huohuo tulitembelea Makumbusho ya Michezo ya Ufini, yaliyofunguliwa mwaka 2017 ndani ya jengo la Vapriikki, ambalo zamani lilikuwa kiwanda. Humo nilisimama kwa muda mrefu mbele ya Afrikan tähti, mchezo wa ubao uliobuniwa na Kari Mannerla na kutolewa mwaka 1951, ambao vizazi kadhaa vya Wafini vimekua nao. Ubao wake ni ramani ya Afrika. Wachezaji huanzia Cairo au Tangier, huzunguka bara zima wakifunua vipande vilivyofichwa mijini wakitafuta almasi moja kubwa, na anayeipata hukimbia nayo kurudi kaskazini. Kwa mtu wa Pwani ni vigumu kuutazama mchezo huo bila kuumia, kwa sababu mtoto anayeucheza tangu akiwa na miaka sita anajifunza kwamba Afrika ni mahali pa kuchukua kitu na kuondoka. Nasema haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba mchezo ni mchezo tu. Kila mchezo unafundisha, na usipozungumziwa utafundisha ulichobeba.

Wafini hawaabudu skrini, ingawa wengi wetu tunadhani hivyo. Chuo Kikuu cha Jyväskylä ndicho kilikotoka GraphoGame, mchezo wa simu unaomsaidia mtoto kuoanisha sauti na herufi, nao ulijaribiwa hata Zambia kwa lugha ya Kinyanja, ambako matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale walimu nao walipoucheza. Hata hivyo, tangu Agosti 2025 sheria ya nchi hiyohiyo inazuia wanafunzi kutumia simu wakati wa vipindi, na matokeo yao katika PISA, mitihani ya kimataifa ya kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, yamekuwa yakishuka tangu mwaka 2006. Wanajadili jambo hilo kwa uchungu. Sisi tulianza mradi wa vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, na bado tunazungumza kana kwamba kifaa chenyewe ndicho somo.

Sasa tazama tulichonacho Mombasa. Baada ya Alasiri, katika baraza yoyote ya Mji wa Kale, utakuta dhumna, karata, keram, na penye bahati utakuta bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mchezo ukianza kila mchezaji huwa na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo lake kuu, na nyingine 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja katika namu, hatua ya kwanza ya mchezo, kabla ya kufika mtaji, hatua ya pili. Anayecheza lazima aone kichwani mwake kete ya mwisho itaangukia wapi, kama itakula au italala, na kama huu ndio wakati wa kuiachia nyumba isafiri. Alex de Voogt, mtafiti Mholanzi, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu umahiri wa mafundi wa bao, baada ya kukaa nao Zanzibar. Leiden waliona kuwa hiyo ni elimu ya kupewa shahada, na shule iliyo hatua chache kutoka barazani haijawahi kumwalika fundi hata kwa kipindi kimoja.

Hapa Hamburg nina viwanja vya watoto kila mtaa, vyenye mchanga safi na bembea zinazokaguliwa, lakini mtoto huchezea huko na mama yake tu, kwa saa iliyopangwa. Sijaona mzee wa jirani akimwambia mtoto asiyemzaa, "Hebu hesabu tena kabla hujacheza." Kwetu mzee huyo yupo, amekaa, na ana muda. Huo ni utajiri ambao Wafini, pamoja na mtaala wao wote, hawana.

Najua pingamizi zilizopo. Madarasa yetu yamejaa, na mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kuendesha mazungumzo kama yale ya Tampere. Hilo ni kweli, na dawa yake ni walimu zaidi, ambalo ni jukumu la serikali. Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu, nalo ni hofu ya wazazi kwamba mchezo huzaa uvivu na kamari. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa vijana wetu wengi wamezama katika kubashiri mechi kwenye simu na nyumba zimeumia. Lakini kubahatisha na kuhesabu ni vitu viwili tofauti, na katika bao hakuna dadu wala bahati nasibu. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Mtoto aliyezoea kueleza kwa nini alishindwa ana kinga fulani dhidi ya programu inayomwahidi kwamba kesho atashinda. Pingamizi la tatu, la mitihani, limepungua nguvu. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ila mazoea uliyotuachia yangali pale pale.

Ombi langu kwa walimu wakuu wa shule za msingi za Mombasa ni dogo. Tengeni kipindi kimoja kwa wiki katika Gredi ya Nne, mwalikeni fundi wa bao kutoka mtaa wenu, mpeni nusu ya kipindi acheze na watoto, na nusu iliyobaki mwalimu wa hesabu awaulize kila walichoamua na sababu yake. Mbao zinaweza kuchongwa na mafundi seremala wetu, na kwa kuanzia mashimo ya kuchimba mchangani yanatosha. Na fundi huyo alipwe posho kama anavyolipwa mtu yeyote anayekuja shuleni kufundisha, maana naye atakuwa anafundisha.