Nyanya Mwenye Mchi na Mlango Uliong'olewa

Tangu 1985 hadi mwaka 2023, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulipofanywa kwa mara ya mwisho, mtoto wa Kenya alipoandika insha alijua kwamba sharti jua lichomoze, ndege watumbuize na yeye arauke kabla ya jogoo kuwika. Aliyekariri methali na tamathali za kutosha aliikaribia alama kamili ya 40, na aliyeandika mambo ya kwao kwa maneno ya kwao alionekana hana ufundi. Sasa wapo walimu wanaomtaka mwanafunzi achukue kisa kilichotokea nyumbani akigeuze hadithi ya kubuni, na wapo wazazi ambao jambo hili limewaudhi.

Malalamiko yao ni mawili. Wanasema kwamba mtoto anafundishwa uongo, nami hoja hiyo hainisumbui sana, kwa kuwa mtoto aliyewahi kuitikia "Pakawa!" anajua kuwa mlango wa kubuni umefunguliwa na hakuna anayedanganywa. Lalamiko la pili ni zito: siri ya mtungi aijuaye kata, na hakuna mzazi anayependa kata yake ibebwe shuleni.

Lakini kubuni ndiko kunakoisitiri siri hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita (nami hapa nimebadilisha mambo mawili matatu, kwa sababu ileile ninayoieleza) aliandika kwamba mwenye nyumba aling'oa mlango wao kwa sababu ya kodi ya miezi miwili, wakalala usiku kucha nyuma ya pazia. Ilikuwa aya moja, na ndani yake jina la baba lilitajwa mara nne. Nilimwomba abadilishe majina, ahamishie kisa mji mwingine, kisha aongeze jambo moja ambalo halikutokea. Baba akawa mvuvi wa Lamu. Na pale palipokuwa na mlango, mtoto akamketisha nyanya mwenye mchi mapajani, akiwahesabu wapita njia hadi adhana ya alfajiri. Nyanya yake mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Nimemfikiria sana nyanya yule. Hakuna kitabu cha marudio ambacho kingempa mtoto huyo mhusika wa namna hiyo, na taarifa ya kweli tupu isingempa nafasi ya kumweka. Aya moja ilifika kurasa tatu, na katika kurasa hizo aliyetajwa tena na tena alikuwa nyanya, huku aibu ya baba ikiwa imepotelea baharini. Adam Shafi alifanya kazi ya jinsi hiyo katika *Kuli*, alipoufanya mgomo wa makuli, yaani wapagazi wa bandarini, wa Zanzibar wa 1948 kuwa riwaya, na sijasikia mtu akimwita mwongo.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo ninakubaliana na wazazi bila kusita. Mtoto anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani huenda akalieleza jambo hilo kupitia sungura na fisi, na mwalimu anayesifu ubunifu wake kisha akafunga daftari amemtupa. Hadithi za namna hii zisisomwe mbele ya darasa kabla mwalimu hajazisoma peke yake, na pale anapotilia shaka, amwite mtoto kando na kumuuliza kwa upole, kisha awaarifu wanaohusika na ulinzi wa watoto. Alama zinaweza kungoja.