Offenbach na chelo aliyoiweka chini

Kila mtunzi wa mziki Jacques Offenbach anapotajwa kuna maneno lazima yarudi, kwamba jamaa alikuwa fundi wa chelo, ile kama fidla kubwa ya sauti nzito, kipaji haswa, halafu akaenda kukimalizia kwenye opereta, yaani opera nyepesi za kuchekesha watu wa Paris, dansi ya kankani na miguu juu, mpaka alipoona kifo kiko mlangoni ndo akakumbuka kuandika kitu cha maana. Mimi naona maneno hayo yana ukweli kwenye chelo tu, huko kwingine yanamwonea.

Kwenye chelo nakubali kabisa. Kazaliwa Cologne, Ujerumani, 1819, baba yake mwimbishaji wa sinagogi, mwaka 1833 baba akampeleka Paris akiwa na miaka 14. Chuo kikuu cha mziki pale hakikuwa kinapokea wageni, lakini mkuu wake Cherubini alipomsikia akipiga akampa nafasi. Akakaa mwaka mmoja hivi akaacha, akaingia okestra ya Opéra-Comique, jumba la opera la Paris, akawa anapiga kwenye sebule za matajiri mpaka wakambandika jina la Liszt wa chelo, kwa kumfananisha na yule bingwa wa piano, na 1844 akapiga kasri la Windsor, Uingereza, mbele ya Malkia Victoria. Konseto yake ya 1847, yaani kipande cha chelo na okestra, ile ya kijeshi, ni ngumu kweli, imeandikwa na mtu anayekijua kile chombo kwa vidole vyake mwenyewe. Halafu leo wanaomkumbuka kwa chelo ni wanafunzi tu, maana bado wanajifunzia vipande vyake vya chelo mbili. Hiyo inaniuma.

Sasa hayo ya mziki mwepesi. Watu wanasahau kwamba alitaka sana kazi zake zipigwe Opéra-Comique wakawa hawazitaki, ndo maana 1855 akafungua ukumbi wake mwenyewe, Bouffes-Parisiens, mdogo sana, na laisensi ya serikali ilimruhusu waigizaji watatu tu wanaoongea stejini. Ukibanwa hivyo unajifunza kusema mengi kwa muda mfupi, na 1858 alipopata uhuru zaidi akatoa opereta ya Orphée aux enfers, ile yenye miungu iliyochoka na ufalme wao. Mkosoaji Jules Janin akaja juu kwenye gazeti kwamba ni kufuru, na tiketi ndo zikazidi kununuliwa. Kuichekea miungu iliyokaa kwenye viti vya enzi wakati mfalme Napoleon III yuko madarakani Ufaransa, mimi siwezi kusema ni kazi nyepesi, ingawa nakubali hakuwa mwanamapinduzi, huyo huyo mfalme ndo alimpa uraia wa Ufaransa 1860.

Ila hoja ya kwamba alitubu mwishoni ndo siikubali kabisa. Mwaka 1864 alitoa opera nzito kule Vienna, Die Rheinnixen, na mwaka huo huo Desemba akatoa opereta ya La belle Hélène Paris. Yaani alikuwa anaandika huku na huku kwa pamoja. Ule wimbo wa Barcarolle unaopendwa sana ndani ya opera yake ya mwisho, Les contes d'Hoffmann, ambao watu wanautaja kama ushahidi wa toba, aliutoa kwenye hiyo Die Rheinnixen, kwahiyo ulishaandikwa miaka 16 kabla hajafa.

Vita ya 1870 kati ya Wafaransa na Wajerumani ilipokuja, Wafaransa wakamwona mtu wa Bismarck, kiongozi wa upande wa Wajerumani, Wajerumani wakamwona msaliti, ukumbi mwingine aliokuwa anauendesha ukamfilisi, 1876 akaenda Marekani kupiga shoo ili alipe madeni. Hapo katikati ya madeni na ugonjwa ndo Hoffmann ikaandikwa, akafa Oktoba 1880 haijakamilika, mtunzi mwenzake Ernest Guiraud akaimalizia na ikapanda stejini Februari 1881.

Mimi nikiisikiliza ile Barcarolle, inavyojivuta taratibu pale chini, naisikia kabisa chelo ya yule kijana wa miaka 14.