Sura za Kima: Alama ya Spishi au ya Mmoja Mmoja?

Katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, kima wa spishi mbili, tatu au zaidi huandamana, wakila matunda kwenye mti mmoja na kutahadharishana tai anapotokea. Maumbo yao yanakaribiana sana. Kinachowatenga ni sura. Yupo mwenye doa jeupe puani, yupo mwenye mashavu ya manjano, na yupo kima wa De Brazza, ambaye Kenya humwita kalasinga, mwenye paji la rangi ya chungwa na ndevu nyeupe.

Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora, alipendekeza katika miaka ya 1980 kwamba rangi hizo huzuia spishi zinazoishi pamoja zisizaliane. Mwaka 2014, William Allen na wenzake walizichambua picha za kima hao kwa programu ya kompyuta ya kutambua sura, wakaona kwamba spishi zinazoishi eneo moja na jamaa zao wengi ndizo zenye sura za kipekee zaidi. Kwangu ushahidi huu ni mzito, kwa sababu kama rangi zingetokana na mwanga wa msitu au chakula peke yake, majirani wangefanana badala ya kutofautiana.

Wengine hushikilia kwamba chanzo cha tofauti za sura ni maisha ya kundi, ambamo kila mnyama hana budi kumjua mama yake, mkubwa wake na yule aliyewahi kumdhuru. Hoja hii haipuuziki. Mtafiti Jane Goodall, aliyefika Gombe, magharibi mwa Tanzania, mwaka 1960, aliwatofautisha sokwe mmoja mmoja kwa nyuso zao, na kwa binadamu imeonyeshwa kwamba vipimo vya uso hutofautiana kati ya mtu na mtu kuliko vya viungo vingine. Tatizo ni kwamba Sharlene Santana na wenzake, walipolinganisha spishi nyingi za jamii pana ya nyani na kima, walikuta sura zenye rangi changamani zaidi kwenye makundi madogo huko Amerika ya Kati na Kusini, lakini kwenye makundi makubwa barani Afrika na Asia. Ukubwa wa kundi pekee hauwezi kueleza matokeo mawili yanayopingana hivyo.

Nadhani pande hizi zinajibu maswali mawili tofauti. Tofauti kati ya spishi na spishi inaelezwa vizuri zaidi na Kingdon. Tofauti kati ya mnyama na mwenzake wa spishi ileile inaelezwa na maisha ya kundi.

Hata hivyo, wanaomfuata Kingdon wasiifanye sura kuwa ukuta. Huko huko Gombe, kima wa buluu na kima mwenye mkia mwekundu na doa jeupe puani, ambao hakuna anayeweza kuchanganya nyuso zao, huzaliana, na Kate Detwiler amegundua kwamba kima wa buluu wa hifadhi hiyo wamebeba DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama, iliyotoka kwa wale wenye mkia mwekundu. Machotara hao nao huzaa. Kwa hiyo doa jeupe la puani humvuta kima kwa wenzake bila kumfungia njia ya kwenda kwingine, hasa pale dume aliyehama anapokuta majike wa spishi yake ni wachache.