Sabuni za kunyolea za mafundi: unanunua povu au unanunua harufu?

Binamu yangu anaishi Minnesota, mwaka jana alikuja Dar likizo akaniletea makopo mawili ya sabuni ya kunyolea, moja ya Stirling ya kule Arkansas ingine ya Barrister and Mann, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anatoa posa, "kaka ukizoea hizi ule ujinga wako wa Arko hutaushika tena." Ujinga wenyewe ni kijiti cha sabuni cha gramu 75 kutoka Uturuki ambacho nanyolea miaka na miaka. Basi tangu hapo nimekuwa nabadilisha, wiki hii kopo, wiki ijayo kijiti, saa ingine shavu hili hivi shavu lile vile, na sasa ni miezi nane nadhani nina haki ya kusema neno.

Kwa ambao hii habari ni mpya, tunaongelea kunyoa kwa brashi, sabuni, na kile kinyoleo cha chuma cha kina babu, unafungua kichwa unaweka wembe mmoja unafunga. Gillette alianza kuviuza Marekani 1903. Mwaka 1919 ikaja Barbasol, krimu isiyohitaji brashi, alafu kwenye miaka ya 50 yakaingia makopo ya povu la kubonyeza na brashi ikafa karibu kabisa, ikabaki kwa wazee na vinyozi wachache. Miaka hii ishirini hivi ndo imerudi, na imerudi na watu wanaopika sabuni jikoni kwao au kwenye karakana ndogo, bechi mojamoja, Stirling, Barrister and Mann, Noble Otter, Declaration Grooming na wengine kibao. Hao ndo nawaita mafundi. Kopo lao la kawaida lina gramu 113 hivi na bei ni dola 15 mpaka 25.

Msimamo wangu niuseme mapema nisije nikaonekana nazunguka. Kwenye povu, tofauti ya sabuni ya fundi na sabuni nzuri ya kiwandani ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na maji yako na mkono wako. Hela yako kubwa inaenda kwenye harufu. Ila kuna sehemu moja mafundi wanashinda kihalali na nitaisema.

Tuanze na povu. Sabuni yoyote ni mafuta na kostiki, hilo kila mama anayepika sabuni mtaani analijua. Ya kunyolea inatofautiana na ya kuogea kwa mambo mawili: ina asidi ya stearini nyingi (hiyohiyo wanayotia watengeneza mishumaa) na badala ya kostiki tupu wanatumia pia potashi, ndugu yake kostiki, kwa hiyo inakuwa laini, inayeyuka haraka na inabeba maji mengi. Stearini ndo inafanya povu liwe zito na lisife. Mafuta ya nazi yanatoa povu la haraka, mapovu makubwa ya kupendeza, lakini ukizidisha ngozi inakauka. Sasa kijiti changu cha Arko kina mafuta ya wanyama, stearini, potashi na nazi vyote ndani. Fundi anaongezea mafuta ya shea, lanolini ya manyoya ya kondoo, wengine maziwa, na anabakiza mafuta kidogo ambayo hayajageuka sabuni ili yalainishe ngozi. Yaani msingi ni uleule, kilichoongezeka ni nakshi.

Nakshi ambayo inasikika lakini, sikatai. Nilifanya hivi: asubuhi ya Jumamosi, sina haraka, brashi nimeloweka maji ya uvuguvugu, nimezungusha kwenye kopo la Barrister and Mann sekunde thelathini mpaka ncha za brashi zikashika kitu kama uji mzito, nikahamia kwenye bakuli nikawa nadondoshea maji kidogokidogo, dondosha, zungusha, dondosha, zungusha. Wengi hapa ndo wanapokosea, wanasimama mapema wakiona povu limeumuka kama la Omo. Hilo bado, limejaa hewa. Endelea kutia maji mpaka mapovu yapotee na libaki povu zito linalong'aa kama mtindi, ukiinua brashi linajikunja ncha. Nikapaka shavu la kulia. La kushoto nikapaka Arko kwa utaratibu uleule. Kwa macho huwezi kujua lipi ni lipi, mke wangu nilimuuliza akasema yote mawili nimefanana na Santa Klausi nitoke bafuni anachelewa.

Ukiweka wembe, pasi ya kwanza, yaani ukiupitisha mara ya kwanza, hakuna tofauti. Pasi ya pili chini ya kidevu, pale ndevu zinapozunguka kama kimbunga na povu limeshaondoka, ndo ikaonekana. Shavu la kulia bado palikuwa na utelezi, wembe unapita juu ya ngozi tupu bila kukwaruza, kushoto ilibidi nipake tena. Na baada ya kuosha, kulia ngozi ilitulia kama imepakwa kitu, kushoto ikawa imekaza inadai losheni. Hapo ndo pale niliposema wanashinda kihalali.

Alafu wiki iliyofuata bomba likakata, tukahamia maji ya kisima. Wenye visima Dar wanajua, mengi yana chumvi, na maji magumu yana kalisi na magnesi ambazo zinang'ang'ania sabuni zinageuza utando ule mweupe unaoganda kwenye beseni. Kopo la dola 20 lilinitolea kitu kama maji ya mchele. Kesho yake nikachukua nusu kikombe cha maji ya chupa ya dukani nikakitumia na kile kijiti cha Arko, povu likaja zuri kuliko lolote la maji ya kisima. Kwa hiyo mtu akiniambia sabuni yake ni bora namuuliza kwanza unatumia maji gani. Wazungu wenyewe wenye maji magumu huko kwao wanatia chembe ya asidi ya citriki, ile ya ndimu, kwenye bakuli, nimejaribu, inasaidia.

Hesabu sasa. Kunyoa mara moja kunakula gramu moja na nusu hivi ya sabuni. Kopo la gramu 113 unanyolea kama mara 75, ukigawa dola 20 unapata senti 27, kama shilingi 700 kwa kunyoa mara moja. Kijiti kule kwao kinauzwa chini ya dola tatu, unanyolea mara 50, hiyo ni shilingi 150 na kidogo. Ukilinganisha na elfu tatu ya kinyozi wangu zote mbili ni bure. Kinachoua ni usafiri, kuagiza kopo moja kutoka Marekani nauli inaweza kupita bei ya sabuni yenyewe, na hapo wanaosema ni anasa naungana nao. Usiagize. Subiri mtu mwenye begi.

Wanaozitetea wana hoja ingine ambayo mimi naona ndo nzito kuliko ya povu, kwamba fundi anakwambia alichoweka na viwanda vikubwa vinabadilisha kimyakimya. Mfano wao mkubwa ni Tabac ya Ujerumani, sabuni ya tangu 1959, watu wamenyolea na baba zao, miaka michache nyuma wakatoa mafuta ya wanyama wakaweka ya mimea, kopo lilelile, na waliokuwa wanaipenda waligundua kwa ngozi. Sawa, inauma. Ila mafundi nao hawatulii! Barrister and Mann tu nimesoma wamepitia misingi kadhaa, yaani mchanganyiko wa mafuta kabla ya kutia harufu, kuna Excelsior, kuna Omnibus, na harufu zinakuja na kuondoka kama mitindo ya vitenge, leo ipo kesho imeisha hairudi. Matokeo yake watu wanalundika. Unaona picha ya kabati la mtu lina makopo 60, piga hesabu, kopo moja kwa anayenyoa mara tatu nne kwa wiki linakaa miezi mitano, makopo 60 ni miaka 25. Huyo hanyoi tena huyo anafuga sabuni. Na mafuta yanachacha jamani, nilishawahi kupewa kopo la fundi mmoja lililokaa sana, lilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya karanga za mwaka juzi. Hapa kwetu na joto na unyevu wa Dar ndo kabisa, hizi laini zenye gliserini zinavuta maji kwenye hewa mpaka zinatoa jasho juu.

Harufu sasa. Arko inanuka ndimu kali ya sabuni ya kufulia, kuna watu hawawezi kukaa nayo chumba kimoja, mimi nimezoea. Ya Stirling niliyoletewa ni ya bay rum, majani ya mti wa Karibiani na karafuu. Karafuu! Mama yangu ni Mpemba, nimekulia kwenye mikeka ya karafuu zinazoanikwa, na sasa nimelipiwa dola nisikie harufu ya baraza la bibi. Lakini nikifungua lile kopo asubuhi nasimama kidogo, siwezi kudanganya, na kama kuna kitu kimenifanya nianze kunyoa bila haraka ni hicho. Kwa hiyo ninaposema hela inaenda kwenye harufu sisemi kwa dharau. Ila mwenye ngozi nyepesi aangalie, mafuta ya karafuu yanauma kwenye ngozi iliyotoka kupitiwa wembe na wengine yanawatoa vipele.

Mama mwenyewe alipoliona kopo hakuuliza harufu. Aliuliza, "Mwanangu, mafuta ya mnyama gani haya, na kachinjwa na nani?" Nikakosa jibu. Mafundi wengi wanajivunia mafuta ya ng'ombe, wengine kondoo, na wapo wachache wanaoweka ya nguruwe. Wanazuoni wa Kiislamu wa madhehebu ya Hanafi wanaona najisi ikigeuka sabuni imeshakuwa kitu kingine, wale wa Shafi, ambao ndo wengi pwani yetu, wanabana zaidi. Mimi si shekhe. Ninachosema ni kwamba kwa msomaji wa Tanga au Mombasa swali hili linakuja kabla ya swali la povu, na wapo mafundi wenye msingi wa mimea tupu, tafuta huo. Na brashi usinunue bila kuuliza, zile za bei nafuu za Italia nyingi ni manyoya ya nguruwe. Za plastiki za siku hizi ni laini, zinakauka haraka, na hazina maswali.

Halafu kuna vipele vya ndevu, ambavyo ndo sababu nusu ya ndugu zetu wanavutwa na hizi sabuni, wameambiwa zinatibu. Hazitibu. Ndevu zetu zimejikunja, ukiikata chini ya usawa wa ngozi inarudi ndani kama ndoano, na zile wembe tatu za mfano wa Mach3 ya Gillette ya 1998 zimetengenezwa makusudi kuvuta nywele na kuikata chini. Kilichonipunguzia mimi ni wembe mmoja, Nacet ya kawaida tu, pasi ya kwanza kufuata zinakoelekea ndevu, na kuacha ule uroho wa kutaka kidevu kiwe kama cha mtoto. Sabuni yenye utelezi inasaidia usibonyeze, basi. Na kuna watu ambao hata hivyo hawatoki, hao poda ya Magic ya kinyozi, pamoja na kunuka kwake kama yai viza, inawafaa kuliko kopo lolote la fundi kwa sababu inayeyusha nywele haichongi ncha, wachunge tu dakika isije ikaunguza.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua lakini. Nazi tunayo, karafuu tunayo, mlangilangi upo Unguja, shea ipo kaskazini mwa Uganda, na kina mama wa Paje wanapika sabuni ya mwani wanauzia watalii. Mbona ya kunyolea hakuna? Nikamfuata mama mmoja mtaani anayepika sabuni za mche akanipa kipande, kikatoa povu kubwa la kutisha na kabla sijafika kidevuni limeshakufa, nazi tupu na kostiki tupu. Nikamweleza habari ya stearini na potashi. Stearini kasema ataulizia kwa wa mishumaa, potashi haijui, maana hata sabuni ya maji anapika kwa salfoniki na ungaroli, kemikali za kutoa povu. Tukakubaliana aanze na kupunguza nazi, aongeze mafuta ya ng'ombe wa bucha ya jirani, aliyechinjwa tunamwona. Kipande ameshakikata, kipo juu ya kabati lake kinakauka, kanikataza kukigusa mpaka wiki nne zitimie. Leo ni ya pili.