Kona ishirini za kola

Kwenye vibaraza vya mafundi cherehani, mwanafunzi huanza na pasi, vifungo na kukata nyuzi. Pindo huja baadaye, na kola anaweza kuisubiri hata mwaka. Fundi ana hoja nzito: kitambaa ni cha mteja, na mguu usiozoea pedali haunyooshi mshono. Ndiyo maana wengi huanzishwa kwenye karatasi, sindano haina uzi, wafuate mistari mpaka mkono na mguu vielewane. Hapo sina ubishi naye.

Ubishi wangu unaanza baada ya hapo. Aliyekwisha kuliweza pindo anaendelea kupewa pindo, miezi inakatika, nasi tunaita huo uzoefu. Kasi ataipata, lakini kola itabaki ngeni kwake vile vile.

Vijana wengi wanataka shati zima tangu wiki ya kwanza, video ikiwa mkononi. Nao wana haki kiasi, kwa sababu aliyeiona kazi nzima anajua kila kipande kinakwenda wapi. Shida ni kwamba shati moja linabeba makosa kumi kwa pamoja, na likiharibika hujui ulipoteleza.

Nilimtazama binti mmoja aliyeshindwa na ncha za kola: moja imechongoka, nyingine butu. Mashati mawili mfululizo, kasoro ile ile. Fundi wake akasogea, akaacha shati, akatazama mikono. Kumbe kila akifika kwenye kona anapitiliza kwa mshono mmoja. Akamwambia aiache sindano ndani ya kitambaa, ainue mguu wa cherehani, ageuze, ashushe. Kisha akampa vipande vilivyobaki kwenye ukataji, ashone kona tu. Alishona ishirini jioni ile. Za mwanzo zilitia huruma. Za mwisho ungeziweka kwenye shati la mteja.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla wa Berlin. Watu wakaondoka na hesabu kwamba ubingwa unahitaji saa 10,000 za mazoezi, wakaacha kiini chake: mazoezi yanayolenga udhaifu mahususi, si wingi wa saa peke yake. Kuna upande wa pili pia. Mwaka 2014 mwanasaikolojia mwingine, Brooke Macnamara, na wenzake walijumlisha tafiti nyingi, wakakuta mazoezi ya namna hiyo yanaeleza kama asilimia 21 tu ya tofauti za uwezo katika muziki, na 18 katika michezo. Kipaji, umri wa kuanza na mengine vina nafasi yake. Nakubali. Ila hayo mwanafunzi hana namna ya kuyabadili, kona anaweza.

Kinachoniuma ni kwamba yule binti asingeliona kosa lake peke yake. Lilihitaji jicho la fundi, na fundi ana oda zinazomngoja. Lakini wapo mafundi wanaotoza ada ya kufundisha, na ada hiyo inastahili walau nusu saa ya jicho hilo kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia.