Upepo wa tairi si wa kukisia
Inanikera sana hii tabia ya vituo vya mafuta hapa Nakuru. Unasimama na gari dogo, kijana anachomeka mpira wa upepo kwenye vali na kukujazia PSI arobaini (PSI ni kipimo cha nguvu ya upepo) bila kuuliza. Ukimwuliza sababu, anakuonyesha namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Jamani, hicho ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaruhusiwa kujazwa! Kipimo cha gari lako kiko kwenye stika, ukifungua mlango wa dereva. Magari mengi madogo kutoka Japani huandikwa kwa kilopaskali, kipimo kingine cha upepo, na kilopaskali 220 ni kama PSI 32 tu.

Tairi likijazwa kupita kiasi huisha katikati na kushika lami vibaya. Sasa teremka nalo kutoka Kericho kuelekea Kisumu mvua ikinyesha (na Kericho mvua haikosi), halafu ukanyage breki. Likipungua upepo nalo hulika kingo na kupata joto, hata kupasuka. Tena upepo hupimwa tairi likiwa baridi, si mtu akiwasili mbio kutoka Naivasha! Ndugu zangu, someni stika kwanza, kisha mjaze.