Sauti Hujulikana Njiani, Kabla Haijafika Kwenye Noti

Kijana akipanda jukwaani kwenye mashindano ya kuimba, akapaa juu mpaka mishipa ya shingo ikatokeza, majaji husimama na ukumbi hulipuka. Sina ugomvi na kupaa. Lakini wiki ikipita nikamsikia kijana yuleyule redioni, simjui. Nasubiri mtangazaji amtaje, na hata akimtaja nabaki najiuliza kama ndiye.

Muhidin Gurumo, mwimbaji wa muziki wa dansi wa Tanzania, hakuwa mtu wa kupaa. Aliingia bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964, akawa miongoni mwa walioianzisha bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, akapita Orchestra Safari Sound (OSS), akarudi Msondo, ndiyo ileile NUTA Jazz kwa jina jipya, na muda wote huo sauti yake ilikaa palepale: nzito, kavu kidogo, na sehemu yake ikipitia puani. Kupaa aliwaachia wenzake, na Hassan Bitchuka alikuwa na sauti ya kukata anga. Ila Gurumo akitamka neno moja tu, hata wewe uliyezaliwa juzi na unazijua nyimbo zake kupitia redio ya babu, unajua nani kaingia.

Kwa nini? Waalimu wa sauti na majaji wetu wanakimbilia kusema ni kipaji, basi, mjadala umefungwa. Mimi nadhani jibu lipo na linaweza kuonyeshwa. Kinachomtambulisha mwimbaji hakikai kwenye noti anayoifikia. Kipo njiani: anavyoingia kwenye noti, anavyoliachia neno, na pale anapovuta pumzi.

Maumbile nayo yamo, tuyapitie haraka. Hewa ikitoka mapafuni inapita katikati ya nyuzi mbili za sauti zilizo ndani ya zoloto, nazo zinatetema, mara mia moja na ushei kwa sekunde mwanamume anapozungumza, karibu mia mbili kwa mwanamke. Mvumo unaotoka hapo ni mbichi, hauna sura. Koromeo, kinywa na chemba ya pua ndivyo vinavyoupa rangi, na kila mtu kazaliwa na vyake, ila vya ndugu hukaribiana. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja huchanganywa kwenye simu. Huko hakuna kozi itakayokusaidia, wala hakuna dawa, hata kama kuna mtu mtandaoni anakuuzia.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Simu za waya zilipitisha kipande tu cha sauti, kati ya mitetemo kama 300 na 3,400 kwa sekunde. Besi ya mjomba ilibaki hukohuko kwake. Bado akisema "haloo" ulimjua kabla hajajitaja. Ulimjua kwa mwendo, kwa alivyoivuta ile "loo".

Jambo hilohilo utalikuta kwenye santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Zinakwaruza, na sehemu kubwa ya rangi ya sauti yake haikuingia kwenye zile sahani za wakati ule. Wimbo ulikuwa lazima uenee kwenye dakika tatu za upande mmoja. Pamoja na hayo, ukishamsikia mara mbili tatu humpotezi tena. Wapiga vyombo wanalijua hili kwa namna yao: chukua rekodi ya tarumbeta na ya zumari, kata ule mwanzo mdogo kabisa wa kila noti, wachezee watu kinachobaki, na wengi watababaika kujua kipi ni kipi. Utambulisho ulikuwa kwenye mlango, nao umeubomoa.

Pwani hatukuhitaji mtu atoke Ulaya kutufundisha habari hii. Mtoto anayesoma chuoni, yaani madrasa, anafundishwa tajwidi, kanuni za kusoma Qur'ani, na tajwidi, ukiitazama kwa jicho la mwimbaji, ni somo zima la sauti. Anaonyeshwa kila herufi inatokea wapi, ipi kooni kabisa, ipi kwenye ncha ya ulimi. Anafundishwa madi, kuvuta irabu kwa kipimo, mbili, nne, sita, bila kuzidisha kwa sababu tu pumzi ipo. Anafundishwa ghuna, ule mvumo wa puani kwenye nuni na mimu, yaani "n" na "m" za Kiarabu. Anafundishwa wapi pa kusimama na wapi kusimama kunaharibu maana. Umm Kulthum wa Misri, ambaye wapenzi wa taarabu hawahitaji kutambulishwa kwake, alianza kwa kujifunza kusoma Qur'ani kwa baba yake aliyekuwa imamu. Waimbaji wetu wengi wa zamani wa taarabu walipita mlango huohuo kabla ya kuijua maikrofoni.

Sasa sikiliza Kiswahili kilivyo. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, kwa hiyo mwimbaji anaweza kusimama popote na kuvuta. Ni neema, na ni mtego pia, maana asiye na kipimo atavuta kila mahali. Halafu kuna ile "m" inayosimama peke yake kama silabi: mtoto, mpenzi, mke. Hapa ndipo ninapowapimia waimbaji. Wapo wanaoiruka, wakaimba "penzi" na kuacha midomo igusane kidogo tu kwa heshima. Wapo wanaoitia irabu ikawa "mupenzi". Na wapo wanaofunga midomo, wakaiimba "m" yenyewe, ikavuma puani kwa urefu wake kamili na kwa noti yake, ndipo midomo ikafunguka kuipokea "pe". Bi Shakila, yule wa Tanga wa enzi za Black Star na Lucky Star, msikilize akipita kwenye herufi hizo. Hana haraka nazo. Midomo imefungwa na bado anaimba, na wewe unasubiri. Ukimwondolea hizo "m" na "n" zake utabaki na sauti nzuri tu ya mwanamke, na sauti nzuri za wanawake zimejaa kila mtaa.

Ndiyo maana nilikasirika siku moja studio. Nilikuwa nimeitwa kuitikia kwenye wimbo wa binti mmoja wa Pangani, mpya kabisa. Binti ana tabia ya kuvuta pumzi fupi, ya ghafla, kabla ya mstari wa pili, kama mtu aliyekumbushwa jambo asilotaka kulisema. Haikuwa ufundi, ndivyo anavyozungumza. Prodyuza akaivuta kwenye skrini, kile kivimbe kidogo kabla ya wimbi kubwa, akakichagua na kukifuta. Kisha cha pili. Kisha vyote. "Nasafisha," akasema. Akaendelea na zile noti ambazo binti alizianzia chini kidogo na kuzipandia, akazinyoosha zote zikaanza juu ya mstari. Wimbo ulipochezwa ulikuwa safi kweli. Mama yake mzazi angeusikia kwenye daladala asingegeuza shingo.

Prodyuza yule si mtu mbaya na anaijua kazi yake. Anafanya linalofanywa kila mahali tangu programu ya Auto-Tune, inayozinyoosha noti za mwimbaji, ilipoingia sokoni mwaka 1997. Na nisieleweke vibaya: ukiitumia waziwazi, sauti ikawa ya chuma kwa makusudi, mimi sina neno. Huo ni uchoraji, na wapo wanaoupatia. Shida yangu ni pale inapofichwa, ikanyoosha kila mtu kimyakimya kuelekea noti kumi na mbili za kinanda. Taarabu ina noti zilizo katikati ya vibonye. Maqamu, zile ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati, yana hatua ambazo kinanda cha kawaida hakina; fidla inazifikia, udi unazifikia, koo linazifikia. Mashine iliyopangwa kwa noti kumi na mbili inazisikia kama makosa na kuzisukuma upande mmoja au mwingine. Unamrekebisha mtu ambaye hakukosea.

Hata hivyo mashine haikuanza peke yake. Vijana wenyewe wamekuwa wakijinyoosha kabla hawajafika studio. Wamesikiliza R&B ya Marekani tangu utotoni, na si kosa, mimi pia naisikiliza. Ila matokeo yake kila irabu sasa lazima ikunjwe mara saba, na "r" ya "moyo wangu unarudi" inatamkwa kama ya mtu aliyekulia Atlanta. Kujifunza mikunjo si vibaya. Tatizo ni kwamba mikunjo ileile, mahali palepale, inatoka kwenye koo la mtu wa Mwanza, wa Mombasa na wa Bujumbura, watu watatu ambao wakizungumza tu ungewatofautisha mara moja. Saida Karoli alipotoka Kagera na Kihaya chake mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waliokuwa hawaelewi hata neno moja walinunua kaseti. Hakuwa amenyooshwa na mtu.

Wengine wanakwenda upande wa pili, wanatafuta ukwaruzo. Wanasikia sauti ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago wa Zanzibar, wanaambiwa alivuta sigara, wanadhani wamepata siri. Ukwaruzo hutokea nyuzi za sauti zinapotetema bila mpangilio sawa, na ukiulazimisha kila usiku unaota vinundu kwenye nyuzi, kisha hata kuongea kunakuwa kazi. Bi Kidude hakuwa na sauti ile kwa ajili ya sigara tu. Alikuwa ameimba kwenye unyago na harusi kwa miongo mingi, akiwa na ngoma kubwa ya msondo, mahali pasipo na spika. Lazima sauti ipasue.

Basi ufundi ni wa nini? Ni wa kulinda, na hapo nawaunga mkono waalimu wa kwaya na wa sauti wote. Jifunze kuvuta pumzi mbavu za chini zikapanuka, mabega yakatulia. Hewa haiingii tumboni kama wanavyosema, lakini misuli ya huko inasaidia kuizuia isitoke yote kwa mkupuo. Jifunze kulegeza taya. Kunywa maji. Sauti ikikauka nyamaza, wala usinong'one, kwa sababu kunong'ona kwa nguvu kunaweza kuuchosha zaidi mtambo huohuo unaotaka kuupumzisha. Kwaya ni shule nzuri, ila ujue kwaya inakutaka ufanane na jirani yako, irabu zenu ziwe moja, na ukitoka hapo kwenda kuimba peke yako una kazi ya kurudisha ulichokiweka kando. Zoezi ninalowapa wanaonitaka ushauri ni rahisi na wengi hawalipendi: useme mstari wako kwanza, kama unamwambia mtu unayemdai, ujirekodi kwa simu, kisha uuimbe bila kupoteza pale uliposita na pale ulipovuta.

Anayebisha kwamba sauti ni rangi tu na kimo, nampa Siti na Bi Kidude. Bi Kidude alikuwa binti mdogo alipokuwa akimsikiliza Siti akiimba, na nyimbo zile alizibeba maisha yake yote, mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, mpaka tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, mpaka karibu na kifo chake Aprili 2013. Maneno mengi ni yaleyale. Ghani ni ileile. Siti anaingia kwenye mstari kwa upole, analifungua neno polepole, irabu imepimwa, kila herufi ya kooni iko mahali pake. Bi Kidude anauvamia mstari, neno linatoka tayari limeshafunguliwa, na mwisho wake anaukata ghafla na kuiachia ngoma imalizie. Aliusikia ufundi wa Siti kwa ukaribu kuliko sisi sote, na hakuuiga.